Alizeti ya Gaspari na Mkeka wa Mkwe

Kuna watu wakisikia neno moja redioni, hulitembeza kijiji kizima kama mbuzi wa mnada. Gaspari wa Mkiwa alikuwa mmoja wao, na mwaka ule neno lake lilikuwa ushuru.

Raheli, mama mkwe wake, alilisikia neno hilo siku ileile aliposhuka kwenye basi akitokea Mungaa, jogoo kwapani na unga wa uwele kichwani. Binti yake Felista alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wakamwita Kefa, na bibi alikuja kumkanda mzazi na kumpikia uji. Gaspari alikuja kumpokea stendi. Alisimama mbali kidogo, akatazama upande kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama. Umekuja wakati mzuri. Serikali inapandisha ushuru wa mafuta ya nje. Alizeti mwaka huu ni dhahabu."

"Marahaba, baba," alisema Raheli. Hilo la shikamoo ndilo alilokuwa na jibu lake. La dhahabu aliliacha palepale barabarani.

Kwa watu wa kwao, Wanyaturu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawachezeani. Hawali sahani moja wala hawatazamani usoni. Mama mkwe halali chini ya paa analolala mkwewe, na mkwe hakanyagi pale mama mkwe alipotandika malazi yake. Hata nyumba iwe inaungua, atasimama nje aite watu. Kwa hiyo Raheli hakulazwa nyumba kubwa. Alipewa chumba cha tano katika vile vyumba sita ambavyo Gaspari alivijenga kando ya barabara kwa ajili ya kupangisha. Akatandika mkeka wake, akaweka blanketi juu, akatundika khanga msumarini. Pakawa kwake.

Chumba cha sita, kile kilicho karibu zaidi na maegesho ya malori, alikaa Editha. Alikuwa Mnyiramba, dereva mmoja alimleta pale na dereva huyohuyo akamwacha palepale. Hakukaa kulia. Alinunua karai, akaweka jiko mbele ya mlango, akaanza kukaanga maandazi na chapati. Madereva wakizoea mkono wa mtu hawaulizi kabila lake. Asubuhi kabla jua halijapanda, Editha alikuwa ameshatoka jasho mara mbili, na kila akiepua la kwanza alimpelekea bibi jirani.

"Bibi, chukua la moto. La baridi ni la madereva wenye deni."

"Mwanangu, utanilemaza. Nikirudi Mungaa nani atanikaangia?"

Maisha yangekwenda hivyo mpaka arobaini ya mtoto, Raheli afunge mzigo wake arudi kwenye mtama wake. Lakini pale Mkiwa palikuwa na kijiwe, na kijiwe kikipata neno kubwa hakilali.

Kijiwe chenyewe kilikuwa kwenye mashine ya Lazaro ya kukamua alizeti. Wanaume walikaa juu ya magunia ya mashudu, redio katikati yao kama mgonjwa anayetazamiwa, wakigombana juu ya bajeti. Raheli alipita pale kila jioni kuomba mashudu ya kuku, akawasikia.

"Sikilizeni," Gaspari alisema, kidole juu. "Ushuru ukipanda, mafuta ya nje yanakuwa ghali. Yakiwa ghali, watu wanarudi kwenye mafuta yetu. Wakirudi kwenye yetu, alizeti inapanda bei. Hii ni hesabu ya darasa la pili!"

"Na wenye meli za mafuta ya nje," Lazaro aliuliza, akifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, "wao hawakufika darasa la pili?"

"Wale wanafikiria leo. Mimi nafikiria kesho."

"Na nyumbani kwako leo mnapikia nini?"

Watu wakacheka. Gaspari akasema hilo ni suala la matumizi binafsi, lisichanganywe na uchumi wa taifa.

Raheli hakuhitaji kuuliza. Jikoni kwa Felista palikuwa na dumu la njano la mafuta ya nje, kwa sababu ni rahisi. Mzee wa alizeti mwenyewe, mtetezi wa mkulima, alikula mboga zilizokaangwa kwa mafuta yaliyovuka bahari, akapangusa mdomo, akaenda kijiweni kuyalaani. Raheli shule aliiacha darasa la tatu, akapewa ng'ombe achunge. Alipomtazama mkwe wake huyu hakuona hasara yoyote katika hilo.

Alizeti ilipoanza kuvunwa, Gaspari akauza ng'ombe wake, akaanza kununua. Alinunua ya kila mtu. Alinunua hata ile iliyopigwa jana ikawekwa kwenye gunia leo bila kuanikwa, kwa kuhofia mwingine asimtangulie. Ghala hakuwa nalo. Akavitazama vyumba vyake sita, na akili ikamjia, ile akili ambayo afadhali isingemjia.

"Chumba kikiwa na mpangaji kinanipa kodi," alimwambia mke wake uani, kwa sauti ya mtu anayetaka hata mama mkwe asikie. "Chumba hichohicho kikiwa na alizeti mpaka mwezi wa kumi kinanipa kodi ya miaka mitatu. Na tena mpangaji anachafua ukuta, analalamikia choo. Umewahi kuona alizeti ikilalamikia choo?"

"Watu wataenda wapi, baba Kefa?"

"Soko litawapangia."

Soko! Raheli alikuwa akimsikia huyo Soko kila siku mdomoni mwa mkwe wake, kama vile ni mjomba wake fulani tajiri aliyeko Dodoma, anayepanga mambo ya watu na wala hajawahi kuonekana hata kwenye msiba.

Mwalimu akaondolewa chumba cha kwanza. Fundi pikipiki akaondolewa cha pili. Wale wawili waliofuata wakaondoka wenyewe wakitukana. Magunia yakaingia mpaka dari. Na kwa kuwa ujinga nao huambukiza kama upele, wenye vyumba wengine wa Mkiwa walipomwona Gaspari anajaza alizeti, wakasema huyu amesikia kitu. Nao wakatoa watu, wakaingiza magunia. Ikawa ajabu ya mwaka. Mbegu zinalala ndani penye bati na saruji, watu wanatafuta pa kulala. Vyumba vichache vilivyobaki vikapanda kodi mpaka mwalimu akahamia kwenye stoo ya shule.

Jumamosi moja Gaspari alisimama mbele ya karai la Editha.

"Mama, Jumatatu nakihitaji chumba changu."

"Jumatatu hii, baba Kefa? Nikae wapi?"

"Huko nyuma ya mnada kuna vyumba. Bei imepanda, lakini ndiyo hali ya soko."

"Huko hakuna barabara. Nikikaanga maandazi huko nitamuuzia fisi?"

"Jitangaze. Biashara ni ubunifu."

Akaondoka na andazi mkononi, ambalo hakulilipia.

Editha alizunguka Mkiwa nzima siku mbili, akarudi miguu imevimba. Alikaa mlangoni, hakulia, alitazama tu lile jiko lake. Akilihamisha mbali na malori, limezimika. Mama yake kule Iramba alikuwa akingoja fedha ya dawa kila mwezi, na fedha ile ilitoka katika karai lile, haikuwa na mama mwingine wala baba.

Raheli alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu wa subira, aliyezoea kungoja mvua ya Singida, na anayengoja mvua hiyo hana haraka na binadamu. Kisha akainuka, akakunja mkeka wake, akabeba blanketi, akachukua khanga yake msumarini.

"Mwanangu, una nafasi hapo ukutani?"

"Bibi, mimi mwenyewe nafukuzwa."

"Nimeuliza nafasi. Sikuuliza habari."

Akatandika mkeka ndani ya chumba cha sita, ukikingama mlangoni. Khanga akaitundika mlangoni, palepale pa kupitia. Akakaa nje akaanza kuchambua mchele.

Jumatatu Gaspari alifika na trekta limejaa magunia, na wadogo zake wawili, Clement na Noel, vifua wazi. Walipoambiwa mama amehama chumba cha tano, Gaspari alifurahi, akasema kumbe mama naye ameelewa uchumi. Wakakijaza. Kisha wakaja cha sita, Clement akiwa mbele na gunia begani. Akasimama ghafla, kidogo gunia limwangushe.

"Kaka. Hii khanga ya nani?"

"Ya mpangaji. Pita."

"Hii ni ya mama. Aliivaa kwenye ubatizo wa mtoto." Clement alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama aliyeona nyoka. "Na mkeka wake ule pale."

Noel alikuwa ameshageuka zamani, anatazama barabarani. Nao ni wakwe, ndugu wa mume wote ni wakwe. Gaspari akakohoa. Akageuka ubavu, akazungumza na ukuta.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Naona... naona umelala huku."

"Nimelala huku. Kuna hewa."

"Mama, hiki chumba nina kazi nacho."

"Si chako, baba? Ingia tu."

Madereva wawili waliokuwa wanakula chapati waliacha kutafuna. Gaspari aliyekuwa akitangaza kijiweni kwamba mila ni mzigo, kwamba Mnyaturu hawezi kuendelea akiwa amebeba mizimu mgongoni, kwamba uchumi hauna mkwe wala shemeji, alitazama kile kizingiti cha saruji alichokimwaga kwa mkono wake mwenyewe. Mguu haukunyanyuka. Alipangusa jasho, akawaambia wadogo zake warudishe magunia kwenye trekta.

"Hodari wa kesho," mmoja wa madereva akasema, "leo imemshinda." Akaagiza chapati nyingine.

Gaspari hakukubali haraka. Alikwenda Shelui akaleta wapagazi wawili wasiojuana na Raheli. Wakafika na nguvu zao, wakaiona khanga, wakauliza ni ya nani. Editha akawajibu, akigeuza maandazi, kuwa ni ya mama mkwe wa bosi wao. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bosi, na sisi tumeoa," wakadai nauli, wakaondoka.

Baada ya hapo kisirani kilihamia nyumba kubwa. Gaspari alimpigia mke wake kelele, chakula hakikumpendeza, mtoto alimsumbua usingizi. Felista akaja kwa mama yake na macho mekundu.

"Mama, unanivunjia nyumba. Wewe ni mgeni, arobaini imepita. Kwa nini huendi?"

"Mtama wangu ndege wanakula, Felista. Unadhani sijui njia ya kwenda?"

"Basi nenda! Huyu Editha ni ndugu yetu?"

"Amemkosea nini mume wako?"

Felista akajifuta macho.

"Hajakosa kodi. Hajavunja kitasa. Kosa lake ni kupumua, mbegu hazipumui. Mimi nikiondoka leo, kesho analala nje, na wewe utapita hapo na mjukuu wangu mgongoni ukamtazama. Utaweza?"

"Atanifukuza na mimi, mama."

"Nyumba inavunjwa na mchwa, mwanangu. Mkeka hauwezi kuvunja nyumba. Akikufukuza, Mungaa ipo. Lakini hakufukuzi. Nani atampikia kwa mafuta ya dumu?"

Felista alijizuia, akashindwa, akacheka huku analia. Tangu siku ile hakumwambia tena mama yake aondoke, na Gaspari akipiga kelele, alimwambia tu, "Kamwambie mwenyewe." Nako kumwambia ndiko kulikokuwa kazi.

Ikafika siku ya bajeti. Kijiwe kilijaa, watu walisimama mpaka barabarani. Redio ikasoma, ikasoma, ikafika kwenye mafuta ya kula. Ushuru wa mafuta ya nje umepandishwa.

Gaspari aliruka juu. Aliwanunulia watu soda kreti nzima. Alipita mbele ya chumba cha sita akiimba, hakutazama ndani lakini alihakikisha anasikika. "Wengine walicheka! Wengine walicheka!" Raheli alikuwa anamwogesha Kefa kwenye beseni. Aliendelea kumwogesha.

Kesho yake asubuhi bei ilipanda kweli. Ilipanda dukani. Mwenye duka hakungoja hata chai, dumu lilelile lililokuwa rafuni tangu juzi likawa na bei mpya, kana kwamba nalo lilisikiliza redio. Editha akapunguza ukubwa wa andazi. Madereva wakamuuliza kama siku hizi anauza vifungo vya koti.

Alizeti haikupanda. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mnunuzi mkubwa akaja na Fuso kutoka mjini, mtu mnene mwenye simu mbili, akataja bei ya kabla ya bajeti, tena akaipunguza kidogo.

"Ndugu yangu," Gaspari alimwambia, "hujasikia ushuru?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi maghala yamejaa. Mafuta ya nje yaliingia meli kwa meli kabla ya ushuru. Yanauzwa sasa kwa bei ya baada ya ushuru. Wewe ulisikia redio ilipotangaza. Wenzako walisikia kabla redio haijatangaza."

Raheli alikuwa karibu, akichota mashudu yake. Akawaza kuwa wezi wa mji na mkwe wake walikuwa na wazo moja tu, kujaza ndani na kungoja wenzao waumie. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na meli, na huyu alikuwa na vyumba vya watu maskini. Mdogo wa mwizi, akitambia hesabu.

Gaspari hakuuza. Alisema ni suala la muda, soko litajirekebisha. Akaendelea kungoja, na alizeti nayo ikaendelea na mambo yake. Ile iliyofungwa mbichi ikapata joto. Ukipita karibu na vyumba ulisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, kama kichwa kisichooshwa. Panya wakaingia, wakazaa, wakaozana wenyewe kwa wenyewe. Gaspari alipofungua chumba cha kwanza, mkono aliouzamisha kwenye gunia aliutoa haraka. Akampelekea Lazaro sampuli. Lazaro alinusa, akarudisha.

"Hii sikamui. Mashine itanuka mpaka Krismasi."

"Changanya na nzuri."

"Niwalishe watu uchungu kwa sababu ya kesho yako? Kalishe nguruwe."

Mwezi wa tisa Fuso ilirudi, ikachagua magunia mazuri kwa bei ya huruma, ikaacha mengine, yakaenda kwa nguruwe. Na wenye vyumba wote wa Mkiwa, waliomfuata Gaspari kama kondoo, wakafanya vilevile siku zilezile. Ghafla kijiji kizima kikawa na vyumba vitupu vinavyonuka, na wapangaji hakuna. Mwalimu alikuwa amezoea stoo yake. Fundi pikipiki alihamia Ikungi. Vibao vikatundikwa kila mlango, chumba kinapangishwa, chumba kinapangishwa, na kodi ikashuka kuliko ilivyokuwa kabla ya hekima.

Hapo ndipo Gaspari alipokuja tena chumba cha sita. Alisimama ubavu, mkono kwenye ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nina neno na mpangaji wangu."

"Yupo. Ana masikio."

Editha aliepua maandazi, akayamwaga kwenye beseni, ndipo akainua uso. "Soko limeamkaje, baba Kefa?"

Gaspari akalimeza. "Nimeona tuendelee. Nimekupunguzia kodi. Hata choo nitakitengeneza."

"Asante. Lakini nahama."

"Unahama? Unahamia wapi?"

"Kwa Lazaro, pale mbele ya mashine. Malori yote yanapita hapo. Ana chumba na kibaraza."

"Anakutoza ngapi? Nitashuka chini yake!"

"Washushie panya. Wao ndio wamekaa muda mrefu."

"Editha, sikiliza, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Ulitaka nitoke mbali zaidi, nyuma ya mnada. Mkeka wa bibi ndio ulionizuia."

Gaspari akageukia ukuta, mahali ambapo mama mkwe alikuwa upande wa pili. "Mama, zungumza naye. Wewe anakusikiliza. Chumba kikibaki kitupu na hiki, mimi nitakula nini?"

Raheli hakuacha kazi. Alikuwa akikunja blanketi.

"Baba, mimi uchumi siujui. Nilikaa humu ili mtu asitolewe. Sasa anatoka mwenyewe, kwa miguu yake, kwenda panapomfaa. Nimzuie kwa lipi?"

Alikunja mkeka, akatoa khanga mlangoni, akaifunga kiunoni. Chumba kikabaki wazi. Gaspari angeweza kuingia sasa. Hakuingia. Palikuwa na nini cha kuingilia?

Editha alihama siku hiyohiyo, Clement na Noel wakimbebea karai na jiko bila kuambiwa na mtu. Raheli alimkuta kibarazani kwa Lazaro amekwishawasha moto, akala la kwanza, la moto, akapanda basi la Mungaa.

Mtama wake alikuta mabua. Ndege hawakuacha hata cha mbegu. Alikwenda kwa jirani kuomba mbegu, akachimba, akangoja mvua.

Mvua ya kwanza iliponyesha Felista akapiga simu. Alisema wazima, mtoto anatambaa. Editha ameongeza karai la pili. Kisha akashusha sauti.

"Mama, baba Kefa ameanza tena. Vitunguu. Anasema mpaka wa nchi jirani utafunguliwa, vitapanda bei. Amefagia vyumba vyote sita."

Raheli alikuwa amesimama shambani, jembe begani, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alichomoa mguu mmoja matopeni, kisha mwingine, mpaka Felista akadhani simu imekata.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Meno yameota mangapi?"

"Mawili, ya chini."

"Mpe uji wa uwele. Usiutie mafuta ya dumu."